Hatua Sitini Kuzunguka Mkuyu

Apofia Keirungi alikuwa na miaka arobaini na sita siku alipoanza kujifunza kuona ndege, na kilima kizima cha Nyakarambi kilimcheka.

Kicheko chenyewe kilikuwa na sababu. Apofia, kama sisi sote wa milima ile, alikulia juu ya dungu. Meno ya utoto hayajamtoka alikuwa tayari anaamia ndege kwenye mtama wa baba yake, kombeo mkononi, akipiga kelele tangu ukungu unapoinuka mpaka sauti imkauke. Ndege kwake walikuwa kundi linaloshuka na kundi linalofukuzwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza huyu ni yupi na yule ni yupi, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

"Shule ya ndege!" alisema shemeji yake Barigye alipopata habari. Alikuja mpaka uani kusema hivyo, akaegemea nguzo ya jiko. "Wenzako wa umri huo wanalea wajukuu, wewe unakwenda kulea shore."

"Wajukuu wangu wako mbali, shemeji. Shore wako hapa hapa."

Barigye alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanatazama shamba. Alikuwa na desturi hiyo tangu kaka yake Kazoora, mume wa Apofia, alipofariki miaka sita nyuma na kuacha binti wawili tu, wote wameolewa mbali. Kazoora alimwachia mkewe kipande kimoja cha ardhi, chembamba kama mkanda, kinachoshuka matuta kwa matuta ya viazi na maharage kutoka njiani mpaka ukingoni mwa msitu. Chini kabisa, mahali shamba linapogusana na msitu, palisimama mkuyu mkubwa ambao hata babu yake Kazoora aliukuta.

Ofisi ya msitu ilikuwa imetaka watu kumi na mmoja kutoka vilima vinavyopakana nao, wafundishwe kwa miezi mitatu kuongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege. Watano wangepewa kazi. Nyakarambi hakuna aliyetaka kwenda. Ofisi ile watu waliijua kwa kukamata wakata mianzi, na mtu hapeleki mwanawe kwa anayemkamata. Mwenyekiti wa kilima akaandika jina la Apofia, kwa kuwa alikuwa mjane na hakuna mwanamume ambaye angekuja kugombana naye kwa ajili hiyo. Apofia alipoambiwa, alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza maneno. Alikuwa amechoka kukaa peke yake na viazi.

Mwalimu wao aliitwa Ndyanabo, mzee mwembamba aliyekuwa askari wa msitu zamani, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata ndani ya nyumba. Hakuwa mkali, ila alikuwa hana subira. Darubini zilikuwa nne kwa watu kumi na mmoja, zikipita mkono kwa mkono.

"Ndege msimtafute," alikuwa akisema. "Ukimtafuta hutamwona. Tafuta jani linalotikisika wakati mengine yametulia. Ukishaliona, jicho lisitoke hapo. Ilete darubini kwenye jicho, si jicho kwenye darubini."

Kusema ni rahisi. Apofia alipoinua darubini aliona ukungu wa kijani, au tawi nene kama paja la ng'ombe, au kope zake mwenyewe. Mwalimu alikuwa anaelekeza: mti ule uliopinda, tawi la pili kutoka juu, kushoto kwa yale maua. Apofia alipokuja kuupata mti uliopinda, ndege alikuwa ameshakwenda zake. Wenzake wote wanasema "Aaa!" kwa pamoja, yeye ananyamaza. Wiki ya kwanza akanyamaza, ya pili akanyamaza. Wiki ya tatu na yeye akaanza kusema "Aaa!"

Ndyanabo alimwacha kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akawasimamisha mbele ya mti mrefu, akautazama kwa muda, akageuka.

"Mama Apofia, umemwona?"

"Nimemwona, mwalimu."

"Kifua chake rangi gani?"

"Chekundu," alisema Apofia. Kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akaongeza: "Chekundu cha kuiva."

Ndyanabo akateremsha darubini. "Mti huu hauna ndege, mama. Tangu tumefika hapa hauna."

Vijana walianguka kwa kicheko. Savino, kijana aliyekuwa anajua majina yote ya kitabuni kwa Kiingereza, alishika mbavu. "Labda ni ndege wa ufunuo," alisema. "Hatokei kwa kila mtu." Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Chekundu cha Kuiva.

Jioni ile Apofia alimenya viazi vya chakula chake, na alipotazama maganda akaona yamekuwa manene hata kiazi chenyewe kimebaki kidogo. Aliyaosha maganda, akayapika nayo, akayala.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, alikaa kwenye tuta la mwisho la shamba lake, mbele ya mkuyu. Darubini hakuwa nayo, kwa kuwa zililala ofisini. Alikuwa na kikombe cha bushera, uji wa mtama, na khanga mbili mabegani dhidi ya baridi. Hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu. Siku ya nne aligundua kosa lake. Alikuwa akiutazama mti kama mtu aliye juu ya dungu, macho yakifagia kutoka upande huu kwenda ule, yakiwahi kundi kabla halijatua. Akayalazimisha yatulie mahali pamoja. Alichagua tawi moja tu, lile lililokauka ncha, akalitazama mpaka bushera ikapoa.

Jani likatikisika. Kisha jani lile likageuza kichwa.

Alikuwa ninga, njiwa wa porini, kijani ndani ya kijani, anakula kuyu. Pembeni yake alikuwepo mwingine, na mwingine. Walikuwa saba, wamekaa mbele yake wakati wote huo, na yeye alikuwa akidhani ni majani. Apofia alijiziba mdomo kwa kiganja ili asiwashtue, na nyuma ya kile kiganja alikuwa anacheka peke yake kama msichana.

Baada ya hapo alikuwa kama mtu aliyejua kusoma ukubwani, anayesoma kila kibao cha njiani. Alimwona kigong'ota akizunguka shina kwa nyuma, alimwona chozi akining'inia kichwa chini kwenye ua, aliwaona kuzumburu wakijiburuta matawini kama panya. Mafunzoni alikuwa hasemi "Aaa!" tena. Alikuwa anaona, kisha ananyamaza, kwa maana hakuna aliyekuwa akimwuliza.

Ilikuwa mwezi wa mwisho wa mafunzo alipomwona yule ndege mdogo. Alikuwa hajai kiganja, mgongo wa kijani, koo la samawati iliyopauka kama sare ya shule iliyofuliwa mara nyingi. Alikuwa amebeba mdomoni zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye miti ya baridi. Aliingia nazo chini ya tawi la mkuyu, akatoka mtupu, akarudi na nyingine. Walikuwa wawili wakipokezana. Kiota chao kilikuwa kinaning'inia kama tonge la takataka lililonaswa na upepo, na mtu angeweza kupita chini yake miaka yote asijue.

Apofia alijua ni nani. Picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini, imezungushiwa wino mwekundu, na kila mgeni aliyefika alikuwa anaigusa kwa kidole na kuuliza, na Ndyanabo anatikisa kichwa.

Alikaa na siri hiyo siku tisa. Alihamishia jembe matuta ya juu ili asiwasumbue. Aliamka mapema kuliko kawaida, na siku hizo, alisema baadaye, hakukumbuka hata mara moja kuwa yeye ni mjane.

Siku ya kumi yakabandikwa matokeo. Savino alikuwa wa kwanza. Apofia alikuwa wa nane, na waliotakiwa walikuwa watano.

Akamfuata Ndyanabo mezani kwake. "Mwalimu, yule wa ukutani yuko kwangu."

"Yupi?"

"Huyo mwenye koo la samawati. Anajenga."

"Ana kifua chekundu cha kuiva?" alidakia Savino mlangoni, na wengine wakacheka. Lakini Ndyanabo hakucheka. Alimwuliza Apofia ndege huyo alikuwa amebeba nini. Apofia alipotaja zile ndevu za miti, mzee alisimama.

Alfajiri iliyofuata walikaa wote wawili kwenye tuta la mwisho. Ndyanabo aliinua darubini, akaegemeza viwiko magotini. Alitazama, akatazama, kisha akaivua ile kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mweupe ambao jua lilikuwa halijaugusa.

"Nimemtafuta miaka kumi na minne," alisema. "Kumi na minne, mama. Nimelala kwenye matope kwa ajili yake."

Apofia alimletea viazi vya moto na chumvi, akala amesimama, hakutaka kuondoa macho. Kabla hajaondoka alimshika mkono Apofia kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyomshika mama wa bibi harusi. Tangu binti zake waolewe Apofia hakuwa ameshikwa hivyo. Wiki hiyo hiyo jina lake likaingia kwenye watano, akapewa sweta la kijani lenye ndege aliyedariziwa kifuani na darubini ya kuning'iniza shingoni.

Baada ya wiki tatu wakaja watu watatu na utepe wa kupimia. Ndyanabo alikuwa nyuma yao, na hakumtazama usoni. Walisimama kwenye shina la mkuyu, wakahesabu hatua sitini kila upande, wakachimba mashimo, wakasimika vigingi vya saruji vilivyopakwa chokaa. Upana wa shamba la Apofia haukufika hatua hamsini. Kwa hiyo vigingi vya pembeni viliangukia kwa majirani, na cha juu kilisimama karibu na mlango wa jiko lake. Mmoja wao alikunjua karatasi, akasema ramani ya zamani inaonyesha mpaka wa msitu ulipita upande wa juu wa mkuyu, ndani ya shamba, wala hakuna kinachochukuliwa, ni kurekebisha tu.

"Mwalimu," alisema Apofia. "Hivi ni viazi vyangu."

"Vichimbe msimu huu. Msimu ujao usipande."

"Nile nini?"

"Una kazi sasa, mama. Una mshahara."

"Kazi ya siku tatu kwa wiki, wageni wakija. Wasipokuja je? Hili ni shamba la Kazoora, mwalimu. Wewe ulikaa hapa, ukala hapa."

Ndyanabo akatazama kofia yake mkononi. "Si mimi niliyeamua."

"Ni wewe uliyeandika. Mimi nilikuonyesha kwa kidole tu, wewe ukaandika."

Yule wa utepe aliuliza kama kuna maji ya kunawa.

Barigye alifika jioni. Safari hii hakuegemea nguzo. "Umegawa shamba la ndugu yangu," alisema, "kwa ndege asiyejaa kiganja. Kama ungekuwa na mtoto wa kiume usingethubutu."

"Shemeji, sikujua."

"Hukujua! Shule yote ile, hukujua?"

Hilo lingekuwa la ukoo tu na lingepoa. Lakini Jumatatu iliyofuata, kabla ya ukungu kuondoka, Apofia alisikia shoka. Ilikuwa kwa Yoramu, jirani yake wa upande wa mashariki, ambaye kigingi kimoja kilikuwa kimeingia kwenye maharage yake. Yoramu alikuwa anakata miti miwili mikubwa iliyopandwa na baba yake. Mchana shoka zikawa tatu. Mwisho wa wiki zilikuwa hazihesabiki. Neno lilikuwa limepita kilima kizima: ndege akitua kwako leo, ofisi inatua kesho. Watu waliokuwa wanaombana kuni kwa kuhurumiana sasa walikuwa wanaacha magogo yaoze, ilimradi mti usisimame. Kwa muda wa mwezi mmoja ule mteremko ulibaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa, na mvua za kwanza ziliposhuka zilibeba udongo wa matuta mpaka njiani.

Apofia alipita katikati ya hayo na sweta lake la kijani, na watu walimwacha apite.

Mkuyu wenyewe ulibaki, kwa kuwa uliwekewa mlinzi. Wageni wakaja, kumi, kumi na watano, wakakanyaga viazi alivyoruhusiwa kuvichimba. Siku moja Savino alileta kundi lenye mashine ya kutoa sauti ya ndege yule. Waliipiga ili dume atoke wampige picha. Dume alitoka, akaishambulia sauti ile akidhani ni mwenzake amekuja kumnyang'anya jike. Wakaipiga tena, na tena.

"Acheni," alisema Apofia. "Jike ametoka kwenye mayai. Kuna baridi."

"Mama, mgeni amesafiri siku mbili," alisema Savino. "Dakika tano tu."

Zilikuwa nyingi kuliko tano. Kesho yake walirudi na mashine ile, na keshokutwa. Wiki iliyofuata Apofia alikaa kwenye tuta asubuhi nne mfululizo, na hakuna jani lililotikisika chini ya lile tawi. Mvua ilipokiangusha kiota akakifungua. Mlikuwa na mayai mawili madogo, yamepasuka.

Alikipeleka ofisini ndani ya kikapu. "Wameondoka," alimwambia Ndyanabo. "Nirudishieni shamba."

Mzee alikigeuza kiota mkononi kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, na Apofia, pamoja na hasira yake, alimwonea huruma. "Wanaweza kurudi," alisema mzee mwishowe.

"Na wasiporudi?"

"Mpaka umeshaandikwa, mama."

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule kulikuwa na mkutano wa chama cha machela. Huku kwetu mtu asiye kwenye machela ni kama hana watu. Akiugua ndio wanaombeba kushuka kilima mpaka hospitali, akifa ndio wanaomrudisha. Apofia alikuwa mwanachama tangu alipoolewa, na Kazoora alibebwa na mabega ya watu hao hao. Barigye alisimama akasema mtu aliyechagua msitu hawezi kubebwa na kilima. Yoramu, aliyekuwa katibu, alifungua daftari.

"Ukiugua," alisema Yoramu akitafuta ukurasa wake, "wakubebe ndege wako."

Watu walicheka sana. Hata Apofia midomo ilimcheza, kwa maana ilikuwa inachekesha, akawaona ndege wale wadogo wakihangaika na machela. Kisha akaona kalamu ya Yoramu inapita juu ya jina lake, mara mbili, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Msimu uliofuata alikodi kipande cha ardhi kilima cha pili, mwendo wa saa moja na nusu. Njia ilikuwa inapita juu ya shamba la Yoramu, ambako mti mmoja ulikuwa umeachwa kwa sababu mizizi yake inashikilia ukingo wa barabara. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, jembe begani, Apofia aliona jani linatikisika wakati mengine yametulia.

Hakuhitaji darubini. Walikuwa wawili, wamebeba zile ndevu za kijivu.

Alisimama. Neno moja kwa Ndyanabo, na keshokutwa utepe ungenyooshwa kwenye maharage ya Yoramu mpaka kizingitini pake. Alilifikiria neno hilo. Alilifikiria taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu asitake kiishe. Alimwona Yoramu akisema hivi ni viazi vyangu. Kisha aliliweka jembe chini, akaokota bonge la udongo, akalirusha mtini.

Bonge la kwanza lilikosa. La pili lilipiga tawi, wakaruka, wakarudi. Jike alikuwa bado ameshikilia ndevu zake mdomoni. Apofia alirusha tena, akarusha, mkono ukaanza kuuma begani, naye hakuacha. Alilenga karibu nao kiasi cha kuwaumiza, na alijua anavyolenga. Mwishowe waliinuka wote wawili, wakapita juu ya ukingo wa kilima, wakatoweka upande wa pili.

Yoramu alitoka mbio. "We mwanamke! Unatupa mabonge kwenye maharage yangu! Umepagawa?"

"Nilikuwa nafukuza kunguru."

"Kunguru! Nimekuajiri? Usisimame kwangu na sweta lako hilo, nani anajua unachokitafuta."

"Nisamehe, Yoramu," alisema Apofia, akalichukua jembe lake.

Hajamwambia mtu wa Nyakarambi. Mimi nilielezwa na binti yake mkubwa, ambaye mama alimweleza alipokuwa na homa ya mapafu, akidhani anakufa. Siku hiyo alibebwa na wanaume wawili wa kilima kingine, waliolipwa kwa siku. Alipona. Bado anaongoza wageni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na wote ofisini wanakubali kuwa hakuna mwenye macho kama yake. Vigingi vya saruji viko mahali pake, na magugu yamefunika yale matuta mpaka karibu na jiko.

Ng'ambo ya ukingo ule kuna bonde ambalo bado lina miti. Si mbali, mwendo wa saa moja hivi, na njia anaijua vizuri. Hajakwenda kutazama.